Saksofoni ya Baritoni Ukiwa Kisumu: Azima Kitabu cha Besi

Sema "baritoni" ukiwa Maragoli au Kakamega, na mtu aliyelelewa kanisani atakuonyesha kwa mikono ile honi nene ya shaba inayokumbatiwa kifuani. Ana haki. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na huku magharibi bendi zake zimewafundisha wengi kusoma noti. Ila mwongozo huu ni wa baritoni nyingine: saksofoni kubwa yenye bomba lililojikunja juu kama mkia wa nguruwe, na sauti ya mzee anayekohoa ndani ya pipa mpaka utakapoizoea.

Nayatenganisha majina mapema kwa sababu mimi yalininasa. Siku ya kwanza kukaribishwa na bendi ya kanisa, bandimasta aliniuliza napiga nini. Nikajibu baritoni, nikapewa kitabu cha baritoni. Nilisoma kila noti kama ilivyoandikwa, na ubeti mzima nikawa noti tano chini ya wenzangu. Sauti ya chini haijitangazi kama ya kornet, kwa hiyo hakuna aliyenisimamisha. Waligeuka tu mmoja mmoja kunitazama. Aliyeniokoa ni mzee wa besi, ile honi kubwa ya shaba ya sauti za chini, aliyeketi kando yangu. Alinisukumia kitabu chake: "Kijana, soma hiki changu." Nitakirudia kitabu hicho, maana mwalimu wa baritoni sikuwahi kumpata Kisumu, na kazi yake ilifanywa na kitabu hicho.

Hatua ya kwanza: anza na alto ya kuazima

Adolphe Sax, yule Mbelgiji aliyepata hataza ya chombo hiki Paris mwaka 1846, alibuni ukoo mzima wa saksofoni, kubwa na ndogo, zenye mpangilio mmoja wa vidole. Alto na baritoni ni ndugu wa karibu zaidi: zote ni za E-flati, yaani ukisoma C inasikika E-flati, baritoni ikiwa oktava moja (ngazi ya noti nane) chini. Unachojifunza kwa vidole kwenye alto unahamia nacho bila kubadilisha kitu. Alto zinapatikana kanisani, shuleni na kwa marafiki. Baritoni ni chache na bei yake hununua alto kadhaa. Ukipata alto ya kuazima, hata ya miezi mitatu, ichukue. Mwalimu wa alto anakutosha pia. Chuo Kikuu cha Maseno kina idara ya muziki, na kwa walio Nakuru kuna Kabarak. Wanafunzi wa vyuo hivyo hutafuta vibarua vya kufundisha, nao hawana bei za Nairobi.

Hatua ya pili: kukagua chombo kabla ya kutoa pesa

Karibu kila baritoni utakayoona itakuwa imeshapigwa na mtu mwingine. Nenda na anayejua kupiga, na mfanye haya.

Ingizeni taa nyembamba ndani ya bomba, zile za Krismasi zinafaa, kwenye chumba chenye giza. Bonyezeni vitufe kimoja kimoja taratibu. Mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi iliyofungwa, kile kifuniko laini cha tundu, hapo hewa inavuja. Uvujaji mdogo juu huziua noti zote za chini, na anayeanza hudhani ni mapafu yake. Nilijilaumu wiki sita kwa pedi moja iliyokauka.

Tazameni kengele, ule mdomo mpana wa chombo. Baritoni za kisasa zina kitufe cha A ya chini kinachobonyezwa kwa gumba la kushoto; nyingi za zamani zinaishia B-flati. Ya B-flati si mbaya, na ni nyepesi, ila vitabu vya bendi vya leo huitumia ile A. Kagueni pia shingo, lile bomba fupi la juu lililo karibu na mdomo wako. Ikiwa imepinda kwa kuangushwa, acheni hata kama bei inavutia.

Uzito ni kama kilo tano au sita. Mkanda wa shingoni unaokuja na chombo uweke kabatini, ununue wa mabegani unaopita mgongoni kama begi la shule. Hili usilipinge. Maumivu ya shingo yamewarudisha watu kwenye alto kuliko ugumu wa noti.

Hatua ya tatu: ridi na kipulizio

Ridi ni kile kipande cha tete kinachotetemeka; kipulizio ni kile cha kutia mdomoni, ambacho ridi hufungwa juu yake. Anza na namba 2 au 2½. Kuna vijana huku wanaodhani namba kubwa ni cheo, wakaanza na 3½ na kuishia kupuliza upepo. Ridi ya baritoni ni pana kuliko ya saksofoni ya tena (tenor) na haiazimiki kutoka chombo kingine, kwa hiyo agiza mapema. Ukiwa na uwezo, nunua moja ya plastiki, ya Légère au ya kampuni nyingine: ghali mara moja, lakini inakaa miezi, haihitaji kulowekwa, na inakuokoa duka la Nairobi linapokwambia mzigo bado uko njiani. Za tete ziwe tatu au nne za kupokezana, na zilazwe kwenye kasha lenye uso ulionyooka. Unyevu wa Kisumu huzipinda zikiachwa mezani. Ukipanda Nakuru, ambako ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, utaziona zinakauka upesi na kuwa ngumu. Watu wa huko waanze na 2.

Lowesha ridi mdomoni dakika moja au mbili, iweke kwenye kipulizio ncha zikilingana, kisha kaza bano, ile pete inayoishikilia, kwenye sehemu nene ya ridi, si karibu na ncha. Sasa chukua kipande cha karatasi, kisukume kati ya ridi na kipulizio mpaka kigome. Pale kilipogoma ndipo mdomo wa chini unapaswa kukaa. Utashangaa ni ndani kiasi gani. Wanaotoka kwenye alto huuma ncha tu, na sauti hutoka nyembamba kama ya nyuki kwenye chupa.

Meno ya juu yatue juu ya kipulizio. Mdomo wa chini ufunike meno ya chini kidogo tu, pembe za mdomo zikaze kuelekea katikati, taya lishuke kana kwamba unasema "oo". Puliza kipulizio kikiwa peke yake, programu ya kupima sauti ikiwa wazi kwenye simu. Inapaswa kuonyesha D au karibu yake. Ikionyesha F au G, unabana sana. Legeza taya mpaka ishuke. Zoezi hili ni la dakika mbili kila siku kabla ya kuunga chombo. Linachekesha, na watoto wa jirani wataliiga.

Hatua ya nne: pumzi

Bomba la baritoni lina urefu wa zaidi ya mita mbili. Alto inasamehe pumzi ya kifuani, hii haisamehi. Lala chali sakafuni, weka kitabu tumboni, vuta hewa kitabu kipande mabega yakiwa yametulia. Simama, fanya vilevile. Kisha chukua metronomu ya simu, programu ya kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika: vuta kwa mapigo manne, toa kwa "sss" mapigo manane, baadaye kumi na mawili, baadaye kumi na sita. Wanakwaya wanalijua zoezi hili, na kama umewahi kuimba besi katika kwaya umeshapunguza mwezi mzima wa kazi.

Chagua pa kufanyia mazoezi. Sauti za chini hupita ukuta kama maji yanavyopita mchanga. Jirani hasikii muziki, anasikia kabati lake likitetemeka. Mimi hutumia ukumbi wa kanisa baada ya saa nane, ila nimejifunza kumaliza kabla ya mvua ya jioni, maana mabati yakianza kupigwa hujisikii tena.

Hatua ya tano: noti za kwanza, kisha ngazi ya kushuka

Kidole cha shahada cha kushoto peke yake: B. Ongeza cha kati: A. Ongeza cha pete: G. Ongeza shahada cha kulia: F. Cha kati cha kulia: E. Cha pete: D. Kidole kidogo cha kulia: C. Ngazi nzima ndiyo hiyo, na gumba la kushoto likibonyeza kitufe cha oktava unapata ngazi ileile juu, kuanzia D ya kati.

Wiki mbili za mwanzo usitoke kwenye B, A na G. Shika kila noti sekunde nane, kisha kumi na tano, bila sauti kuyumba wala kuvimba. Rekodi kwa simu, lakini ukisikiliza tumia spika za masikioni, kwa sababu spika ya simu haitoi sauti za chini na utadhani hukupiga kitu.

Halafu shuka. Anayejifunza alto hukimbilia juu. Wewe njia yako ni ya chini, na ukianza juu utajenga mdomo wa kubana ambao baadaye utakugharimu. Kila wiki ongeza noti moja kwenda chini: F, E, D, C. Ukifika B, B-flati na A ya chini, noti zitakoroma, zitapasuka, au zitaruka oktava. Kabla ya kujilaumu rudia kipimo cha taa. Kama chombo hakivuji, kosa ni moja kati ya mawili: koo limefungwa au taya limepanda. Piga C ya chini iliyo imara, usisogeze kitu mdomoni, teremsha kidole tu uingie B. Ikivunjika rudi C. Usiifuate kwa kuongeza nguvu. Noti za chini zinataka hewa nyingi iendayo polepole, kama unapuliza mvuke kwenye kioo ukifute. Hatua hii ilinichukua karibu miezi minne, na kila niliyemsaidia aliyeiruka amerudi kuifanya.

Noti zikikaa, panda sasa. D na E za kati hupenda kwenda juu kidogo ya zinapostahili. Tazama kipimo na ulegeze.

Hatua ya sita: azima kitabu cha besi

Hapa watu wa magharibi tuna bahati ambayo sijaona ikiandikwa. Saksofoni ya baritoni husikika oktava moja na noti sita chini ya ilivyoandikwa. Katika bendi za Jeshi la Wokovu kuna chombo kingine chenye tabia hiyohiyo: besi ya E-flati. Noti zake zimeandikwa kwa ufunguo wa soli, uleule unaousoma, na zinatoka kwenye kimo kilekile cha sauti. Huhitaji kuhamisha chochote. Fungua kitabu, piga.

Vitabu hivi viko Vihiga, viko Kakamega, viko Kisumu mjini, na vimejaa nyimbo za ibada unazozijua tangu utotoni, zenye mistari mifupi na nafasi za kuvuta pumzi palepale waimbaji wanapovuta. Kwa anayeanza sijui kitabu kizuri zaidi. Mwombe bandimasta upige picha kurasa chache, au, bora zaidi, omba kukaa kando ya mpigaji besi wakati wa mazoezi. Mzee wangu alinifundisha kwa goti: alikuwa akinigusa kwa goti lake kila nilipoingia kabla ya pigo.

Mambo mawili ya kuangalia. Besi ya shaba hushuka chini ya A yako. Ukikutana na A-flati, G au F-shapi zilizo chini ya hapo, zipige oktava juu. Na mpigaji besi wa shaba hupumua mara nyingi, mkiwa wawili mpokezane: yeye akivuta wewe shikilia. Bendi itasikika kana kwamba ina besi isiyochoka.

Kitabu cha baritoni ya shaba kiache, kama nilivyotangulia kujiumbua. Kile ni cha B-flati.

Kwa wenye tonic sol-fa

Waimbaji wengi wa kwaya huku hawasomi mistari mitano, wanasoma d, r, m. Usidhani ni upungufu. Sauti ya besi ya kwaya inaingia ndani ya baritoni kama mkono kwenye glavu: F ya chini kabisa ambayo besi wa kawaida huifikia ni D yako ya chini, na bado una C, B, B-flati na A za akiba. Unachohitaji kujua ni "do" yako iko wapi. Kwaya ikiimba kwa B-flati, do yako ni G. Ikiimba kwa E-flati, do ni C. Kwa F ni D, kwa A-flati ni F, kwa C ni A, kwa G ni E. Andika haya kwa penseli ndani ya kifuniko cha sanduku. Kisha pata skeli, yaani ngazi ya noti, ya kila do hizo, nenda na mstari wa besi wa wimbo mmoja, mpaka vidole visome sol-fa bila kupitia herufi.

Bendi za shaba hupenda B-flati na E-flati, na wewe unakaa raha. Shida huja ukialikwa na watu wa magitaa. Wapiga gitaa wa benga na wa injili wanapenda G, D, A na E, kwa sababu nyuzi zao zimekaa hivyo. E yao ni C-shapi yako, yenye shapi saba. Usikatae mwaliko. Waombe siku ya kwanza wimbo wa G au C, na wakati huohuo nyumbani anza kupiga skeli ya B na ya F-shapi polepole. Kwenye benga msikilize mpiga gitaa la besi na uchukue kipande kidogo tu cha mstari wake, noti tatu au nne zinazorudi. Akijaza, wewe acha nafasi. Baritoni ikijaza kila pengo inaziba ngoma ya teke, na mpiga ngoma atakuchukia.

Wa kuwasikiliza: Harry Carney, aliyeshika baritoni katika bendi ya Duke Ellington tangu 1927 hadi 1974, kwa ukubwa wa sauti. Gerry Mulligan kwa wepesi, maana utadhani chombo chake ni nusu ya chako. Na Lekan Animashaun, aliyepiga baritoni katika bendi za Fela Kuti wa Nigeria: msikilize anavyorudia kipande kimoja dakika kumi bila kukichosha. Huyo ndiye wa kwetu zaidi.

Kupatana na wenzako

Kipimo cha simu kinaonyesha sauti halisi, si noti yako. Ukipiga G kinapaswa kusema B-flati. Ukipiga F-shapi kinasema A. Pasha chombo dakika tano kabla ya kupima. Mchana wa Kisumu joto huipandisha sauti, kwa hiyo vuta kipulizio nje kidogo kwenye koki, ile gome laini iliyozungushiwa ncha ya shingo. Asubuhi ya baridi Nakuru kisukume ndani. Koki ikilegea, izungushie ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba mpaka upate fundi. Usipake mafuta ya kujipaka mwilini. Nilifanya hivyo mwezi wa kwanza. Gundi ikaachia na koki yangu ikabaki ndani ya kipulizio katikati ya wimbo.

Kubeba na kutunza

Baritoni haipandi bodaboda. Nimeona ikijaribiwa. Matatu watakutoza viti viwili, na kusema kweli inavikalia. Tuktuk ndiyo gari lake: sanduku linasimama kati ya magoti, dereva anauliza kama ni maiti ya mtoto, safari inaanza.

Ukimaliza kupiga, toa shingo, geuza chombo maji yamwagike kupitia tundu la shingo, maana mate hukusanyika kwenye ule mkunjo wa juu hata ukiwa na kitufe cha kuyatolea. Vuta kitambaa ndani, na usikiache humo. Kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku lililofungwa, kwa hewa ya ziwani, huotesha ukungu kwenye pedi. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, funika kengele kwa kitambaa chepesi ukiwa hupigi. Kuwatoa ni kazi ya jioni nzima.

Kitufe cha G-shapi na cha C-shapi ya chini hunata. Weka karatasi laini chini ya pedi, bonyeza kidogo, ivute. Nunua seti ya bisibisi ndogo kwa mafundi wa simu na upitie skrubu mara moja kwa mwezi, kwa sababu mtikisiko wa noti za chini huzilegeza. Inayolegea kila mara itie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Springi ikikatika kabla ya ibada, raba bendi itakufikisha jioni. Kipande cha slipas iliyochakaa kinaziba mahali pa sponji iliyodondoka. Lakini moto na risasi ya kulehemu visikaribie chombo mikononi mwa fundi asiyewahi kushika saksofoni, hata awe hodari wa masufuria kiasi gani. Kikivunjika kigongo cha kitufe, kifunge kwa kitambaa kisipotee, na kisubiri safari ya Nairobi.